Gati la Morwellham: bandari ya shaba iliyojificha kati ya mashamba ya Devon

#1 Mtafuta Magofu

Wakuu, salaam.

Humu tumeshajadili bandari kubwa kubwa mpaka tumechoka. Leo nawaletea gati la shamba, lililo mbali na bahari, kijijini, limezungukwa na miti na malisho ya ng'ombe. Linaitwa Morwellham Quay, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mto Tamar. Mto huo ndio mpaka wa Devon na Cornwall tangu enzi za mfalme Athelstan, karne ya 10. Gati liko upande wa Devon, na kutoka hapo mpaka Plymouth, mto unakokutana na bahari, ni maili 20 na ushee kwa kufuata mikunjo yake.

Mgeni akifika leo anaona kijiji kizuri tu. Nyumba chache za mawe, kizimba cha maji tulivu (bwawa la kuegeshea meli), kuta zenye kuvu, vichaka. Anapiga picha, anakunywa chai, anaondoka. Asichojua ni kwamba katikati ya karne ya 19 hapa palikuwa mojawapo ya sehemu zilizopakia shaba nyingi kuliko karibu popote duniani, na usiku na mchana palikuwa na kelele za magurudumu, minyororo na mawe yakimwagwa.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja: gati hili ukilitazama kutoka mtoni hulielewi. Lazima uanzie mlimani. Mto ulibeba tu kile ambacho mlima ulishusha, na kila kilichobaki pale ni mabaki ya jibu la swali moja: tani za mawe zitashukaje mteremko mkali bila kuua farasi na watu?

Nianze na watawa. Kilomita sita hivi kutoka gatini kuna mji wa Tavistock, uliokuwa na abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa karne ya 10. Barabara za zama zile zilikuwa matope matupu, lakini mto Tamar unapanda na kushuka kwa maji ya bahari mpaka juu kidogo ya Morwellham, sehemu iitwayo Weir Head. Kwa hiyo chombo kikiingia na maji yanayojaa kinasukumwa bure hadi kwenye ardhi ya abasia. Watawa hawakuwa wajinga. Gati lao lilihudumia abasia kwa vyakula na bidhaa, na kutoka milima ya Dartmoor ikaja metali ya bati. Mwaka 1305 Tavistock ikathibitishwa kuwa mmoja wa miji rasmi ya kupima na kutozea ushuru bati la Devon, na sehemu ya mzigo huo ilipita Morwellham.

Mwaka 1539 Henry VIII alipovunja abasia, ardhi ikaenda kwa John Russell, mtu wa karibu wa mfalme. Ukoo wake ndio baadaye ukawa wa Duke (cheo cha juu cha ukabaila) wa Bedford, na kwa karne zaidi ya tatu zilizofuata, ardhi, gati na haki za madini vilikuwa mikononi mwa ukoo huohuo. Likumbukeni hilo, tutalirudia mtakapouliza pesa zilienda wapi.

Sasa tuje kwenye kitu kinachonifurahisha kuliko vyote: mfereji.

Mwishoni mwa karne ya 18 migodi ya shaba ilikuwa imefunguka kuzunguka Tavistock, na mzigo ukawa unakwenda gatini kwa farasi. Mwaka 1803 Bunge likapitisha sheria ya kuchimba Mfereji wa Tavistock. Mhandisi alikuwa John Taylor, kijana wa miaka 24 tu. Mfereji wenyewe ni mfupi, maili nne na kitu. Tatizo ni kwamba kati ya Tavistock na gati kuna mlima, Morwell Down. Taylor akaamua kupita chini yake. Handaki lina urefu wa kilomita 2.3 hivi, limepasuliwa kwenye mwamba kwa baruti na nyundo, na ilichukua zaidi ya muongo mmoja kulitoboa. Mfereji ulifunguliwa rasmi Juni 1817.

Hapa kuna akili mbili za kuziangalia. Ya kwanza: mifereji mingi ya meli hujengwa iwe tambarare, maji yakae tuli. Taylor akaupa wake mteremko mdogo makusudi, maji yatembee. Yale maji yakawa yanazungusha magurudumu ya migodi njiani, na yalipotoka upande wa pili wa mlima yakawa na kazi nyingine. Ya pili: walipokuwa wanachimba handaki wakakutana na mkanda wa shaba, wakafungua mgodi humohumo. Njia ya kusafirishia mzigo ikazaa mzigo!

Lakini mfereji ulitokea mlimani, meta 72 juu ya gati. Kujenga ngazi za milango ya maji kwa mteremko ule kungemeza pesa na maji yote. Wakatandika reli mbili ubavuni mwa mlima, mabehewa yakawa yanavutwa kwa mnyororo, na nguvu ikatoka kwenye gurudumu la maji lililolishwa na mfereji uleule. Shaba inashuka, makaa ya mawe na chokaa vinapanda. Njia ile ya mteremko bado inaonekana, mstari ulionyooka unaokata msitu kwa namna ambayo maumbile hayawezi kuukata.

Naendelea na mgodi mkubwa kwenye posti inayofuata, hii imeshakuwa ndefu.

#2 Mtafuta Magofu

Naendelea.

Mwaka 1844 ndipo mambo yalipolipuka. Kaskazini ya gati kuna msitu wa Blanchdown, mali ya Duke. Inasimuliwa kwamba miaka ya nyuma watu waliomba kuchimba humo wakakataliwa, sababu ikiwa ni ndege wa kuwinda wasisumbuliwe. Duke wa saba ndiye aliyeruhusu. Kundi la wawekezaji wakiongozwa na Josiah Hitchens wakatoa hisa 1,024, kila moja pauni 1. Hawakuchimba kina kirefu kabla ya kukutana na mkanda mnene wa shaba. Ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi hisa ile ya pauni 1 ikawa inauzwa kwa pauni 800. Mgodi ukaitwa Devon Great Consols, na kwa miaka kadhaa ukawa miongoni mwa migodi ya shaba mikubwa kabisa duniani.

Mwanzoni mzigo wake ulikwenda gatini kwa mikokoteni. Fikiria maelfu ya tani kwa mwaka zinapita kwenye vinjia vya shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1850 kampuni ikajenga reli yake yenyewe, zaidi ya maili nne, mpaka ukingo wa mlima juu ya Morwellham. Kutoka pale, mteremko wa pili, huu ukiendeshwa na injini ya mvuke iliyokaa kileleni. Hivyo gati moja dogo likawa na miteremko miwili inayoshuka kutoka pande tofauti.

Na hapo ndipo gati lenyewe likapanuliwa. Wakachimba kizimba kipya, Great Dock, cha kupokea meli za tani 300. Reli haikushuka mpaka ardhini. Ilipita juu kwenye madaraja ya miti, behewa linafika, linafunguliwa tumbo, mawe yanaanguka kwenye sakafu. Sakafu nazo zilitandikwa vigae. Sababu: shaba iliuzwa kwa mafungu. Kila fungu lilikuwa na ubora wake, linapimwa, na mawakala wa viwanda vya kuyeyusha wanaandika bei zao kwenye karatasi, mwenye bei ya juu anachukua. Ukichanganya fungu na udongo au na fungu la jirani, umeharibu hesabu. Kwa hiyo kigae kile unachokikanyaga leo ni sehemu ya mkataba wa biashara.

Baada ya 1866 bei ya shaba ilianguka vibaya. Chile, Australia Kusini na eneo la Ziwa Superior kule Marekani walikuwa wanatoa shaba ya bei nafuu. Devon Great Consols wakageukia aseniki, madini yenye sumu kali, ambayo awali ilikuwa takataka ndani ya mawe yao. Wakajenga matanuri ya kuchoma mawe, moshi unapitishwa kwenye vyumba virefu, aseniki inaganda ukutani kama unga mweupe, wafanyakazi wanaikwangua. Iliuzwa kwa viwanda vya rangi, vya vioo, na kutengenezea sumu za wadudu wa mashambani. Mgodi ukawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa aseniki duniani, na mapipa yake yakapita gati lilelile.

Mwaka 1901 mgodi ukafungwa. Gati likabaki bila kazi.

Karibuni mchangie.

#3 Binti Mwamba

Asante kaka kwa uzi uliosheheni. Swali langu: kama shaba ilikuwa nyingi hivyo, kwa nini wasijenge viwanda vya kuyeyusha palepale gatini? Kusafirisha mawe mazima si ni kusafirisha takataka? Maana sehemu kubwa ya jiwe lile si shaba.

#4 Mtafuta Magofu

Dada umegusa penyewe.

Makaa. Devon na Cornwall hazina makaa ya mawe ya maana, na kuyeyusha shaba kwa teknolojia ya wakati ule kulitaka makaa mengi kuliko uzito wa mawe yenyewe. Sasa ama ulete makaa kwenye shaba, ama upeleke shaba kwenye makaa. Kinachohitajika kwa wingi zaidi ndicho kinachoamua kiwanda kikae wapi. Makaa yalikuwa Wales Kusini, kwa hiyo Swansea ndiyo ikawa mji wa kuyeyusha shaba ya karibu dunia nzima. Meli ilishuka Tamar, ikazunguka ncha ya Land's End, ikapanda mpaka Swansea.

Faida nyingine ni kwamba meli haikurudi tupu. Ilirudi na makaa kwa ajili ya injini za migodi. Kwa mwenye chombo hakuna kitu kizuri kama kulipwa kwenda na kulipwa kurudi. Ndiyo maana gati lilihitaji nafasi pande zote: sakafu za shaba upande huu, marundo ya makaa upande ule, mbao kwa ajili ya kuzuia miamba migodini, na chokaa.

Juu ya takataka: hawakusafirisha jiwe kama lilivyotoka. Lilivunjwa na kuchambuliwa kule mgodini kwanza. Kazi hiyo ilifanywa sana na wanawake na wasichana, wakiwa juu ya ardhi, wamevaa kofia za kitambaa na aproni, nyundo mkononi siku nzima. Kwenye picha za zamani wanaonekana wamepangana kwenye vibanda. Ukisikia shaba ya Devon, ujue imepita mikononi mwao kabla ya kufika gatini.

#5 Nahodha wa Tishari

Mkuu, uzi mzuri, ila umeuonea mto. Unasema gati lisomwe kutoka mlimani, sawa, lakini mlima bila maji ni mlima tu.

Hebu tuangalie kazi ya chombo. Tamar unajipindapinda, na pale chini ya Morwellham kuna miamba mirefu inayokata upepo. Jahazi la matanga likiingia humo linakuwa kama limeingia chumbani. Halina upepo wa kutegemea, linavutwa na mashua za makasia, au na farasi, na baadaye boti za mvuke. Na chombo chenye mzigo mzito kilitegemea bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Ukikosa bamvua umekwama, unasubiri. Maji yakipwa, vyombo vinakaa kwenye tope, kwa hiyo vingi vilijengwa na matumbo bapa vikae wima bila kulala ubavu.

Kwa anayetaka kuona chombo cha mto ule, kuna Shamrock, tishari la matanga lililoundwa 1899 na kukarabatiwa miaka ya 1970, likiwa kwenye gati la Cotehele, chini kidogo ya mto upande wa Cornwall. Kuna pia Garlandstone, jahazi la milingoti miwili lililoundwa Calstock, likashushwa majini 1909, ambalo baadaye liliwekwa kwenye kizimba cha Morwellham kama sehemu ya makumbusho. Tena tazama mwaka huo: 1909, mgodi umeshafungwa miaka minane. Waunda meli wa Tamar walikuwa bado wanagonga misumari.

#6 Mtafuta Magofu

Nahodha, nimekubali nusu. Mto uliamua *lini*, mlima uliamua *nini* na *kiasi gani*. Ila hilo la bamvua ni muhimu kwa sababu linaeleza ukubwa wa sakafu zile. Mabehewa yalishuka kila siku, meli zilikuja kwa misimu ya maji. Lazima pawe na pa kurundika. Gati kwa kweli lilikuwa ghala lisilo na paa.

#7 Fundi Chokaa

Naomba niongezee nyama kidogo, maana shaba imemeza habari nyingine zote.

Kwenye magati mengi ya Tamar, makubwa kwa madogo, kuna jengo moja linalojirudia: tanuri la chokaa. Morwellham yapo, Cotehele yapo, Halton Quay yapo, Calstock yapo. Ni majengo mazito ya mawe yenye matao chini, yamepachikwa kwenye kingo ya ardhi. Yamepachikwa hivyo ili mkokoteni ufike juu na kumimina mawe ya chokaa na makaa kwa zamu, tabaka juu ya tabaka, na chini kwenye tao mtu anakokota chokaa iliyoiva.

Mawe ya chokaa yalitoka pande za Plymouth kwa matishari. Udongo wa bonde lile ni mchachu, mkulima asipotia chokaa havuni vizuri. Na chokaa iliyokwisha kuchomwa ni mzigo hatari, ikilowa inapata moto, kwa hiyo ni salama zaidi kuleta mawe kwa maji na kuyachomea karibu na mashamba. Wakulima walikuja na mikokoteni yao gatini kuchukua.

Kitu kingine kilichopandishwa mto, mtanisamehe wanaokula, ni samadi na taka za mitaa ya Plymouth. Wakulima wa Tamar waliinunua. Kilichoshuka ni matunda: cheri, na baadaye stroberi, kwa masoko ya mjini na, reli ilipofika, mpaka London. Kwa hiyo kabla ya shaba, wakati wa shaba na baada ya shaba, magati haya yaliishi kwa kilimo. Shaba ilikuwa kishindo cha miaka 50 au 60. Chokaa na samadi ni za muda mrefu zaidi.

#8 Mzee wa Hesabu

Naomba mniruhusu niwe mkorofi.

Tunasifia sana werevu wa mifereji na miteremko. Pauni 1 kuwa pauni 800, sawa. Aliyekuwa anakwangua aseniki kwenye vyumba vile alipata nini? Na kijiji chenyewe kilibaki na nini shaba ilipokwisha?

#9 Mtafuta Magofu

Mzee wangu, shikamoo. Huo si ukorofi, ndiyo hesabu yenyewe.

Waliokwangua aseniki walijifunika mdomo kwa kitambaa, wakaziba pua kwa pamba, wakajipaka udongo kwenye ngozi kuzuia vidonda. Ndiyo kinga waliyokuwa nayo. Mwenye hisa aliishi mbali na moshi.

Mwenye ardhi alilipwa sehemu ya thamani ya kila kilichochimbwa, bila kushika sururu. Lakini niseme na lingine ili tusimwonee: Duke wa saba alirudisha sehemu ya utajiri ule Tavistock. Ukiutembea mji ule leo, ukumbi wa mji, soko la ndani na safu za nyumba za wafanyakazi zinazofanana vilijengwa katikati ya karne ya 19. Nyumba kadhaa kama hizo zipo pia Morwellham. Kabla yake wachimbaji walirundikana vyumbani mjini kwa hali mbaya.

Kijiji? Kazi ilipokatika watu waliondoka. Wachimbaji wa Devon na Cornwall walitawanyika kwenda Australia Kusini, Michigan, Mexico, kokote penye mwamba wa kutobolewa. Wengine walienda kuchimba shaba ileile iliyowanyima kazi kwao. Mwishoni Morwellham ilibaki na nyumba chache zenye watu, kizimba kikajaa tope, miti ikaota kwenye sakafu za vigae.

#10 Binti Mwamba

Kaka, hapo kwenye kufa kwa gati sijaelewa vizuri. Ni reli iliyoliua au ni kwisha kwa shaba? Maana sehemu nyingi husemwa reli ndiyo ilimaliza magati ya mito.

#11 Mtafuta Magofu

Vilikuwa vifo viwili, dada, na watu huvichanganya.

Reli ya umma ilifika Tavistock Juni 1859. Kuanzia hapo, mzigo wa mji haukuwa na sababu ya kuingia mfereji, kupita handaki kilomita mbili gizani, kushushwa kwa mnyororo na kusubiri bamvua. Unapakiwa mjini, unafika Plymouth siku hiyohiyo. Mfereji ukanyauka taratibu, na mwaka 1873 Duke akaununua. Hicho ni kifo cha kwanza, na kilihusu upande wa mfereji tu.

Devon Great Consols wao walikuwa wamemaliza kujenga reli yao kwenda gatini, wamechimba kizimba, wametia pesa. Hawakuwa na haraka ya kuacha. Waliendelea kupakia Morwellham mpaka mgodi ukafungwa 1901. Kwa hiyo reli moja iliua nusu ya gati, reli nyingine ikaweka hai nusu ya pili kwa miaka 40 zaidi. Angalieni kejeli ya tarehe: kizimba kikubwa kilikamilika takriban wakati uleule reli ya umma inaingia Tavistock.

Calstock, kijiji cha chini kidogo ya mto, walipata daraja kubwa la reli la matao 12 mwaka 1908. Treni ikawa inapita juu kabisa ya vichwa vya magati. Bado inapita.

#12 Nahodha wa Tishari

Na mfereji wenyewe leo ukoje? Umekauka?

#13 Mtafuta Magofu

Haujakauka hata kidogo, na hapa ndipo mteremko ule wa makusudi wa Taylor ulipolipa mara ya pili. Miaka ya 1930 wakaweka kituo cha kufua umeme Morwellham. Maji yanatoka Tavistock, yanapita mfereji na handaki lilelile, yanashushwa kwa bomba mlimani na kuzungusha mitambo karibu na gati. Meta zile 72 zilizokuwa kero kwa mabehewa zikawa mtaji kwa umeme. Mjini Tavistock watu wanatembea kando ya mfereji jioni, wengi hawajui maji yale yanakwenda kufanya kazi.

#14 Fundi Chokaa

Kwa wanaopenda kutafuta magati yaliyosahaulika, naomba tupeane dalili. Maana si kila gati lina makumbusho.

Mimi huanza na ukingo wenyewe. Mto hauchori mstari ulionyooka. Ukiona ukingo umenyooka ghafla, umekatwa pembe, chimbua majani, utakuta ukuta. Pili, maji yakipwa kabisa angalia tope: vichwa vya nguzo za miti vilivyopangwa kwa safu huwa vinachomoza, maana mti ulio ndani ya tope lenye maji hauozi haraka. Tatu, ngazi za mawe zinazoishia majini.

#15 Mtafuta Magofu

Ahsante Fundi. Nami niongeze: tazama njia. Gati dogo linaweza kutoweka lote lakini njia yake ikabaki, imezama katikati ya kingo mbili kwa sababu magurudumu yaliichimba kwa karne nyingi. Njia pana kupita kiasi inayoishia mtoni pasipo na kitu, hiyo inakuambia jambo. Halafu mawe ya kigeni. Chombo kilichokuja bila mzigo kilibeba farumi ya mawe kwa ajili ya uzito, kikaimwaga pale kinapopakia. Ukikuta kando ya mto jiwe la aina isiyopatikana eneo lile, jiulize lilikujaje.

Pete za chuma za kufungia kamba nazo ni nzuri kuziangalia. Jiwe lililochimbwa mfuo na msuguano wa kamba linaonyesha vyombo vilifungwa kwa kimo gani, na hivyo maji yalifika wapi.

Tahadhari moja kwa Morwellham na maeneo ya mgodi: usichokonoe udongo. Kule Devon Great Consols kuna marundo ambayo mpaka leo majani hayaoti vizuri kwa sababu ya aseniki, na bomba refu la moshi bado limesimama. Fuata njia zilizowekwa, usiokote mawe kupeleka nyumbani kwa watoto.

#16 Mzee wa Hesabu

Swali la mwisho kijana wangu. Vitu tunavyoviona pale leo ni vya kweli au vimejengwa kwa ajili ya watalii? Nimeona picha, yale madaraja ya miti juu ya kizimba yanang'aa mno kwa kitu cha 1858.

#17 Mtafuta Magofu

Jicho lako kali, mzee. Ni mchanganyiko, na ni haki ya mtembeleaji kujua.

Gati lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1970, chini ya taasisi ya hiari. Vichaka vikafyekwa, tope likaondolewa, kuta zikaimarishwa. Mwaka 2006 UNESCO wakaliingiza kwenye Urithi wa Dunia kama sehemu ya Mandhari ya Migodi ya Cornwall na Devon Magharibi, yenye maeneo kumi. Miaka michache baadaye, 2009, taasisi ile ikaishiwa pesa, na 2010 gati likapata wamiliki wapya wa binafsi.

Kuta za vizimba, vigae vya sakafu, matanuri ya chokaa, mistari ya miteremko, handaki na mfereji: hivyo ni vya enzi zenyewe, vimekarabatiwa kwa viwango tofauti. Mgodi wa George and Charlotte, ambao wageni huingizwa ndani kwa treni ndogo, ni mgodi halisi. Madaraja ya miti uliyoyaona ni ujenzi wa kuigiza, kipande tu cha yaliyokuwapo. Mbao haziwezi kudumu miaka 150 kwenye mvua ya Devon.

Kuna wanaochukia ujenzi wa aina hiyo, wanataka gofu libaki gofu. Mimi kwa hili siko upande wao. Ukuta unaweza kuusoma ukiwa umebomoka, kwa sababu msingi wake unakuonyesha umbo. Lakini reli iliyopita hewani, juu ya kichwa, haikuacha alama ardhini isipokuwa matundu ya nguzo. Bila kipande kile kimoja kilichosimamishwa upya, mgeni hawezi kukisia kwamba shaba ilifika pale ikianguka kutoka juu. Ninachodai ni kibao kiandikwe wazi, hiki cha zamani, hiki cha juzi.

#18 Mzee wa Hesabu

Marahaba. Hapo kwenye kibao tuko pamoja.